Moto ya Fataki Inakataa Asubui

Mudzipela, Bunia, tarehe 14 novembre 1984

Yaya Kanyere,

Ndiyo, ile moto, pikipiki yenu, inasikia baridi. Umeniuliza kama nakuchekesha. Hapana, ni kweli kabisa. Inasikia baridi kupita mutu, juu mutu iko na blanketi, lakini moto unailazaka yenyewe mu umande, kisha asubui unakuja kuipiga mateke. Hata mimi ningekataa.

Salamu nyingi mbele ya yote. Siye huku tuko wazima. Claudine, bibi yangu, mimba yake iko na myezi tano. Hataki harufu ya esanse, ile petroli ya moto, basi nikitoka kazi ananivulisha nguo kwa mulango sawa mwizi amekamatwa. Mama alituma habari toka Butembo: mugongo inamuuma lakini mudomo iko nzima, kila siku anauliza juu ya nini unakaa mu baridi ya Fataki kuzalisha bibi za batu. Anasema nikuulize. Sikuulize. Niko muoga.

Sasa moto. Hii moto ya maternité yenu, pale munazalisha bamama, niliitengeneza mwezi wa kumi na mikono mbili na roho moja. Ulisema haina nguvu ya kupanda kilima, mimi nikaipatia nguvu. Hapa Mudzipela ilikuwa inawaka kick moja tu, batu walikuwa wanasimama kusikiliza. Kwa hiyo shida si moto. Shida ni vile munasalimiana naye asubui.

Fanya hivi. Fungua robine ya esanse, kale kabomba chini ya tanki, hesabu mupaka makumi mbili. Vuta starteri, ile kakifungo ya pembeni ya karburateri yenye inaongeza esanse wakati moto iko baridi. Usiguse mukono ya gazi, ile ya kuongeza mwendo, hata kidogo. Piga kick mbili pole pole, kontakti, ile funguo ya umeme, ikiwa imefungwa, sawa unaamsha mukwe. Kisha fungua kontakti, kick moja ya nguvu. Ikishika, ngoja sauti ibadilike, njo urudishe starteri.

Tena mafuta. Moto ya deux temps sawa hii yenu inakunywaka mafuta ya mashini ndani ya esanse: litre moja kwa litres makumi mbili. Usiongeze juu ya huruma. Huruma yako naijua, ulinipatiaka supu mupaka natapika.

Mudogo wako,
Kule, fundi wa moto, wa radio, na wa funguo zenye zimepotea


Fataki, tarehe 2 décembre 1984

Mudogo wangu Kule,

Barua yako ililetwa na Nicolas, yule dereva wa kamyo ya mboga. Asante kwa habari za Claudine. Ale ndengu, ale mboga ya majani, na apimwe damu. Umuambie ni mimi nimesema, si weye. Mimi niko muzima. Tumepokea bamama makumi ine na moja mwezi uliopita, wote wamerudi kwao na batoto wao.

Nimefanya yote uliandika. Niliandika hesabu pia. Jumatatu kick makumi mbili na mbili. Jumanne kumi na nane. Jumatano haikuwaka hata. Saa ine, jua ikisha kupanda, ikawaka kick tatu, sawa hakuna kitu kilitokea. Bugi, ile ya kutoa cheche, nikiitoa iko nyeusi, tena iko na maji maji. Mafuta ninapima na chupa ya serum. Usinifundishe kupima.

Sikiliza sasa. Masera Pétronille, ule sista mukubwa wetu, amesema kama mupaka Paska moto haiwake asubui, itatumwa Mahagi kwa agronome, bwana shamba. Yule bwana shamba anaanzaka kazi saa ine. Bamama wa kwa vilima hawangojake saa ine, Kule. Kuko fasi mimi nafika na moto dakika makumi ine, na kwa miguu ni saa mbili nzima. Ukiniondolea hii moto, unaondoa ile vilima yote kwangu.

Mbele uitengeneze ilikuwa muzembe kwa kilima, lakini asubui ilikuwa inawaka. Uliifanya nini?

Dada yako,
Kanyere


Mudzipela, tarehe 15 décembre 1984

Yaya,

Ile swali yako ya mwisho iko ya polisi. Noeli inakaribia, tumuachie polisi nafasi apumzike.

Claudine anakula ndengu na uso ya mutu anakunywa dawa. Anasema anakushukuru. Mimi nimeona vile anasema. Huku tuko na vumbi, biashara iko, siku ingine mutu ananiletea moto, siku ingine sahani ya kuziba. Jana mwalimu mumoja aliniletea miwani. Nikaifunga na waya ya radio, sasa anasoma, na kichwa yake iko sawa radio.

Nimewaza sana juu ya bugi nyeusi. Bugi nyeusi yenye maji ni kusema esanse inaingia mingi, hewa kidogo. Esanse haiwake, inalowanisha tu. Siku itakataa vile, funga robine, rudisha starteri, fungua gazi yote mupaka mwisho, piga kick kumi bila kuhurumia: esanse ya zaidi itatoka. Bugi uikaushe juu ya moto wa mukaa. Usiiweke mu sufuria ya kuchemusha sindano, masera atanifunga.

Kisha utafute vis ya hewa, ile skrubu ya kupimia hewa. Iko pembeni ya karburateri, ndogo, ya shaba. Uifunge pole pole mupaka isimame, usiikaze. Kisha uifungue muzunguko moja na nusu. Ukiifungua zaidi, hewa inaongezeka. Moto ikiwa na joto, unafungua robo robo na unasikiliza: kutakuwa fasi moja kule sauti inapanda yenyewe na inatulia, sawa mutoto amepata ziwa ya mama yake. Fasi ile njo yake. Lakini isipite mizunguko mbili na nusu.

Natuma bugi mupya ndani ya soksi. Soksi iko safi. Niliivaa mara moja tu, kwa ndoa.

Kule


Fataki, tarehe 20 janvier 1985

Kule,

Bugi ilifika. Noeli ilipita muzuri, padiri Honoré alituchinjia mbuzi. Siye wote tuko.

Vis ya hewa ilisikia muzuri fasi ya mizunguko tatu. Chini ya ile inazimika. Uliandika isipite mbili na nusu, lakini hukuandika ikipita ni kusema nini. Uniandikie.

Tarehe kumi na saba iliwaka saa tatu.

Sina habari ingine. Claudine asibebe maji tena.

Kanyere


Mudzipela, tarehe 10 février 1985

Yaya yangu,

Barua yako iko fupi sawa kaptula ya mwaka jana. Uko mugonjwa? Ao masera anahesabia batu karatasi?

Siye tuko. Claudine anatembea sawa kamyo imebeba zaidi, anainama kwa kila kona. Maji nabeba mimi. Jirani wote wamekuja kuona na macho yao mwanaume na ndoo kwa kichwa, mumoja akaniuliza kama nalipwa.

Juu ya mizunguko tatu: inaweza kuwa esanse. Hii esanse inatoka Uganda mu bidon, wanaichanganya na petroli ya taa, mutu hajue anakunywa nini. Inaweza kuwa chujio ya hewa imejaa vumbi, uisafishe. Inaweza kuwa mutu amegusa karburateri. Mafundi ya Fataki wanapendaka kugusa.

Saa tatu si mubaya! Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa saa ine. Tunasonga mbele. Ikienda hivi, Paska itawaka mbele ya jogoo.

Unijibu kwa urefu,
Kule


Mudzipela, tarehe 3 mars 1985

Yaya,

Hujibu. Nicolas amepita mara mbili na mikono mitupu. Namuuliza, dada yangu iko aje, anasema iko, kisha anaangalia mipira ya kamyo yake sawa ni leo ameiona.

Kama nimesema kitu mubaya, uniambie ni kipi, juu nasemaka mingi.

Kule


Mudzipela, tarehe 19 mars 1985

Yaya Kanyere,

Hii barua uisome ukiwa umekaa.

Claudine alizaa tarehe tisa, asubui. Mutoto mwanamuke. Wote wazima. Ilimupata saa kumi na moja, nikamupeleka na moto ya jirani, iliwaka kick moja, saa moja mutoto akalia. Sikukuandikia siku ile. Nilishika kalamu mara tatu. Sasa nakuambia juu ya nini sikuweza.

Siku mbili mbele ya ile, Nicolas alisimamisha kamyo kwa mulango yangu, nikamuletea kiti, nikaanza michezo yangu. Nikasema: Aje, ile moto ya dada yangu ingali inalala mupaka saa tatu sawa mukubwa wa biro?

Hakucheka. Akasema: Kule, unachekea ile moto?

Nikasema: Nani hachekee moto yenye inaogopa umande?

Akasema: Noëlla.

Nikamuuliza Noëlla ni nani. Njo akaniambia yote. Akasema ya kwamba tarehe kumi na saba ya janvier bwana yake alikuja anakimbia saa kumi na moja asubui, mutoto alikuwa anakuja vibaya, miguu mbele. Ya kwamba ulipiga kick mupaka saa moja, mupaka mulinzi akakuondoa mukono kwa usukani. Ya kwamba ulienda kwa miguu na sanduku kwa kichwa, ukafika saa tatu. Ya kwamba mama alipona, mutoto hapana. Na ya kwamba ile saa tatu yenye uliniandikia, ni mulinzi njo aliiwasha pale maternité, jua ikiwa imepanda, wakati weye ulikuwa kwa kilima umeshachelewa.

Na mimi nilikujibu saa tatu si mubaya.

Yaya, uliniuliza niliifanya nini. Nakuambia. Ndani ya karburateri kuko jikleri, kale kachuma ya shaba kenye tundu ndogo sana, esanse inapita pale wakati moto inaanza. Ile tundu wameipima kwa fabrike, kiwandani. Mimi niliipanua. Nilinoa rayon ya kinga, waya ya gurudumu ya baiskeli, juu ya jiwe mupaka ikawa sawa sindano, nikaizungusha ndani. Siye mafundi wa Mudzipela tunafanyaka hivyo kwa kila moto, tunasema tunaifungua koo. Hapa inakimbia, mwenye moto anafurahi, anakuita fundi mbele ya batu. Uliniambia haina nguvu ya kupanda. Nilitaka ukipanda pale, useme mudogo wangu anajua kazi.

Mizunguko mbili na nusu, nilijua inasema nini. Moto ikitaka hewa kupita pale, ni kusema jikleri iko kubwa. Nilijua vile ulipoandika tatu. Nilisoma ile tatu, nikaikunja barua, nikaenda kuuza betri za radio.

Kisha ya Nicolas kuondoka nilienda kwa muzee Roger. Alitengenezaka mashini ya mugodi wa zahabu miaka mingi, sasa anatengeneza pompi za kinga na anatukana mafundi bure, hachague. Nikamuambia yote. Akaniuliza:

«Fataki iko juu kupita Bunia?»

«Iko juu.»

«Hewa ya huko iko mingi ao kidogo?»

«Kidogo.»

«Asubui na baridi, esanse inageuka moshi haraka ao inabaki maji?»

«Inabaki maji.»

«Basi mutu anashindwa kupumua, na weye unamumiminia maji mu mudomo. Alafu unamutumia soksi.»

Sijue nani alimuambia habari ya soksi. Ni mimi, nafikiri. Naongeaka mingi.

Sijue namna ya kumaliza hii barua. Mutoto hana jina bado.

Kule


Fataki, tarehe 28 mars 1985

Mudogo wangu,

Nimefurahi juu ya Claudine. Nimefurahi kabisa, usione vingine katika hii barua. Apumzike siku makumi ine. Mutoto anyonye tu, musimupatie maji ya sukari, hata mama aseme nini toka Butembo.

Nilijua tangu mwezi wa pili. Uliandika inaweza kuwa esanse, inaweza kuwa vumbi, inaweza kuwa fundi wa Fataki. Wakati mutu ananipatia sababu tatu kwa ugonjwa moja, najua anaficha ya ine. Nilifungua karburateri juu ya meza, na taulo chini. Nilichukua sindano ya BCG, ile nyembamba sana ya batoto. Ikapita ndani ya jikleri yetu bila kugusa kando. Nikaomba padiri Honoré afungue ya moto yake, iko aina moja na yetu. Sindano haikuingia. Na tundu yetu haiko ya muviringo. Iko sawa jicho ya mutu anasinzia.

Sikukuandikia juu kile ningeandika siku ile kisingefutika. Nilingoja kiishe. Kimebaki kidogo.

Noëlla aliniuliza, siku ile ya kumi na saba, akiwa amelala pale: Mama, moto ilikuwa na nini leo? Mimi nikasema: baridi. Sijaongopea mugonjwa tangu nivae hii bluzi nyeupe. Sasa wote wanasema baridi. Bwana yake anasema baridi, masera ameandika baridi mu rapport. Juma iliyopita Noëlla alipita hapa na mahindi kwangu, akasema pole na ile moto yako, hii baridi ya kwetu ni mubaya. Akaniletea mahindi, Kule.

Nilifanya vile juu uko mudogo wangu. Ingekuwa fundi mwingine, ningesema jina yake kwa mulango ya kanisa.

Paska ni tarehe saba. Masera hajabadilisha neno.

Kanyere


Mudzipela, Jumapili ya Matawi, tarehe 31 mars 1985

Yaya,

Nicolas ameniletea barua leo, na amesema anangoja nikiandika jibu, juu anarudi Fataki kesho asubui na chumvi, kisha atashuka kunichukua. Kwa hiyo naandika mbio, uniwie radhi juu ya mwandiko.

Nilisoma fasi ya mahindi, nikatoka inje. Claudine akauliza niko nafanya nini mu jua na karatasi. Nikamupatia asome. Alisoma mupaka mwisho, mutoto kwa ziwa, kisha akasema neno moja tu: «Uende.» Weye unamujua, akisema maneno mingi kuko njia ya kubishana. Akisema moja, fungasha.

Niko na jikleri. Ni mupya, ya fabrike, muzee Roger alikuwa nayo ndani ya kopo ya Nido na maskrubu ya tangu zamani ya babu yake. Iko ndogo namba moja kupita ile ilitoka na moto, alisema kwa kilima yenu njo inafaa, pale chini itakuwa dhaifu lakini pale juu itapumua. Nilitaka kuitazama tundu yake kwa kisu, desturi ya mukono. Akanipiga kwa vidole na funguo ya kumi, ile spana. Amenipakia yeye mwenyewe ndani ya karatasi, akafunga na uzi, akaniapisha nisifungue mbele ya Fataki. Pia nitashusha sindano ya karburateri katundu moja, esanse ipungue, vis ya hewa nitaitafuta asubui kule kule, ndani ya baridi yenyewe, si mu jua ya Mudzipela. Ile njo ilikuwa kosa yangu ya pili: nilisikiliza moto hapa, na weye unaishi kule.

Kwa kilima haitakuwa na nguvu ya simba. Itapanda na vitesi ya kwanza, gia ya chini, pole pole, utasikia aibu mbele ya mbuzi. Lakini itakuwa imewaka.

Sasa sikiliza mapatano yangu, juu unanijua, sijatokaka nyumbani bila kufanya biashara.

Nafika Jumatano. Moto italala inje asubui tatu, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, mu umande, bila hata gunia juu. Kick unapiga weye, mimi nasimama mbali, mikono nyuma, masera Pétronille akitaka anaweza kushika saa. Kick tatu kwa kila asubui, zaidi hapana. Ikikataa hata asubui moja, usinitetee: unamupatia masera moto, iende Mahagi, na mimi nakuachia kinga yangu na miguu yangu mupaka mupate ingine, nitakubebea sanduku kwa kila kilima, Claudine ameshakubali.

Hiyo ni upande yangu. Upande yako iko hivi: unirudishie ile baridi. Uliitoa juu yangu, naelewa, na hakuna mutu amenifanyiaka kitu kikubwa vile, lakini siwezi kukaa ndani yake. Jumapili kisha ya misa unanipeleka kwa Noëlla. Kama moto inawaka, tunaenda nayo, weye mbele, mimi nyuma. Kama haiwake, tunaenda kwa miguu ile saa mbili nzima, nione iko namna gani. Ukifika usiniingizie maneno. Useme tu: huyu ni mudogo wangu. Zingine nitasema mwenyewe, na bwana yake akitaka kunipiga, usimushike.

Kumusikia Noëlla akikuambia pole, nafikiri umechoka. Basi nakupatia jikleri, unanipatia ile uongo. Mutu kwa mutu, bila mushahidi.

Kama unakubali, umuambie Nicolas aniachie kiti ya mbele Jumatano. Kama unakataa, nitapanda nyuma juu ya mifuko ya chumvi. Lakini nakuja.

Kule